Mwalimu Alimalizwa Barabara ya Lamadi

Aliyebuni ahadi ya kulipa kwa kila dakika inayopunguzwa kwenye baiskeli ndiye aliyemwangusha Mwalimu. Tangu Jumamosi nasikia vijiweni hapa Bariadi watu wakilaumu jua, viatu, hata umri wake. Mwalimu alikuwa tayari. Anajiandaa kwa triathlon yake ya kwanza, anachangisha nauli za wagonjwa wa saratani wanaotoka Simiyu kwenda hospitali ya Bugando, na mazoezi yake tumeyaona alfajiri kwa alfajiri. Halafu siku ya zoezi kubwa akapanda baiskeli na kuendesha kana kwamba mbio zinaishia stendi.

Njia mnaijua: kuogelea ziwani Lamadi, baiskeli kwa lami hadi Bariadi mjini, karibu kilomita 72, kisha kilomita 10 za miguu zinazoishia kwenye lango la hospitali, Somanda. Umbali huo ni mrefu kuliko triathlon ya Olimpiki, yenye kilomita 1.5 za maji, 40 za baiskeli na 10 za miguu, na ni mfupi kuliko nusu Ironman iliyofanyika Rubavu, Rwanda, Agosti 2022. Kwa anayeanza ni mzigo mzito, ila unabebeka ukigawanywa vizuri.

Majini alifanya kazi safi: mtumbwi ubavuni, pumzi pande zote mbili, hakupapatika, akatoka na nguvu zake. Kubadili nguo kulikuwa kwepesi. Hata kanuni ya kutojificha nyuma ya gurudumu la mwenzake aliiheshimu, ingawa vijana wa baiskeli waliomsindikiza wangeweza kumkinga upepo.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Hesabu ya Mwalimu ilikuwa saa mbili na dakika 40 hadi mjini, yaani kilomita 27 kwa saa. Ni mwendo alioujua, aliokwisha kuufanya na kushuka akakimbia. Usiku wa kuamkia Jumamosi wachangishaji wakatangaza kwamba kila dakika atakayoipunguza kwenye baiskeli italipiwa. Mwalimu akakubali. Pale alipokubali, mpango wa miezi yote ulitupwa, maana tangu hapo aliyepanga mwendo wake alikuwa mwenye daftari la michango.

Akaenda kilomita 30 kwa saa. Mtu asiyeujua mchezo atasema kilomita tatu ni nini? Ni nyingi mno. Nguvu inayotumika kupasua hewa haipandi sawa na kasi. Inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Kutoka 27 hadi 30 ni kuongeza kasi kwa sehemu moja ya tisa tu, lakini nguvu ya kusukuma hewa inaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Hapo upepo haujatiwa hesabuni, na kiangazi upepo wa kusi unamjia usoni anayetoka Lamadi. Ziwa liko chini na Bariadi iko juu, kwa hiyo barabara nayo inapanda taratibu bila kumwonyesha mlima wowote wa kumtahadharisha. Kwa muda wote huo Mwalimu alikuwa akitumia akiba ya miguu ambayo ilipaswa kumfikisha Somanda.

Nilisimama pale alipoteremka, na baiskeli yake ilieleza kila kitu. Mnyororo ulikuwa umelala kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, ile ngumu kuliko zote. Maana yake aliingia mjini akisukuma pedali chache nzito, ilhali alipaswa kuzungusha nyingi nyepesi, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, ili mapaja yabaki laini kwa ajili ya kukimbia. Chupa moja ya maji ilikuwa tupu, ya pili haijafunguliwa. Mfuko wa michembe aliofungiwa nyumbani ulikuwa bado umefungwa vilevile. Katika kazi ya zaidi ya saa mbili mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Aliyepanga kula kila nusu saa hakula, kwa sababu kula kunataka kupunguza mwendo kidogo, na kupunguza mwendo siku hiyo kulikuwa na bei. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ahadi ya fedha ilimzuia mtu kula.

Mliobaki barabarani mliona yaliyofuata. Kilomita ya kwanza alikimbia kwa kujikaza, ya pili mabega yalipanda, kabla ya ya nne msuli wa paja ukabana na akaanza kutembea. Dakika kumi na kitu alizozichuma kwenye lami zilikwisha palepale. Hakufika langoni. Alipakizwa kwenye bajaji, huku waliokuwa wakimsubiri Somanda, baadhi yao wagonjwa wenyewe na ndugu zao, wakielezwa kwamba hatafika.

Nimekwisha kuandika juu ya ugonjwa huu wa kuabudu kasi na nitaendelea. Usukumani baiskeli ni heshima, na gia kubwa tumeifanya kipimo cha uanaume. Watangazaji wetu nao wanajua neno moja tu, "spidi". Huu ni mkoa uliowahi kuongozwa na Anthony Mtaka wakati huohuo akiwa rais wa Riadha Tanzania, na hata leo kijana wa hapa anaweza kukutajia mbio zote za Bariadi bila kujua kugawa mwendo wake ni kitu gani.

Wapo wanaonijibu kwamba Watanzania wakubwa walikimbia kutoka mbele. Ni kweli, na mfano wao ninaupenda. Juma Ikangaa mwaka 1982 kule Brisbane aliongoza marathoni ya Jumuiya ya Madola pamoja na Gidamis Shahanga, wakamwacha Robert de Castella mbali. De Castella akangoja, akasogea, akawapata. Ikangaa hakukubali: aliporwa uongozi akaurudisha, wakapokezana hadi mwisho, na akashindwa kwa sekunde 12, saa 2:09:30 dhidi ya 2:09:18. Lakini Ikangaa alikuwa amejenga mwili wa kuongoza, na mwendo aliupanga yeye mwenyewe kwa kusudi la kuwachosha wapinzani. Shahanga, aliyekuwa ametoka kushinda mita 10,000 kwenye michezo hiyohiyo, alilipia mwendo ule na kurudi nyuma. Kama bingwa wa Jumuiya ya Madola aliulipia, anayeanza atauepukaje?

Na John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968? Alianguka, goti likafungwa bendeji, akafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Walioanza walikuwa 75. Hakuna anayeuliza alipita kilomita ya 20 kwa dakika ngapi. Taifa linamkumbuka kwa sababu alifika, na aliyebeba jina la wagonjwa anapaswa kupewa nafasi hiyohiyo ya kufika.

Uchangishaji wa aina hii una mtu wake wa kupigiwa mfano, Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1980, akiwa na mguu mmoja wa bandia baada ya saratani ya mfupa, alikimbia kwa siku 143, kilomita 5,373, akilenga karibu marathoni moja kila siku. Aliomba nini? Dola moja kwa kila Mkanada. Angalieni ufundi wa ombi hilo: fedha ilifungwa kwenye idadi ya watu, haikugusa mwendo wake hata kidogo. Akienda haraka au polepole, dola ilikuwa ileile, kwa hiyo aliachwa akimbie kama mwili ulivyoruhusu. Alipolazimika kusimama karibu na Thunder Bay, saratani ikiwa imefika mapafuni, hakuna aliyedai kurudishiwa dola yake.

Hata marathoni za hapa nchini zinazochangia saratani, kama ile ya NBC Dodoma iliyowahi kupeleka fedha Taasisi ya Saratani Ocean Road, zinakusanya kwa ada na wadhamini. Zina kasoro zake, na fulana zinatengewa muda mwingi kuliko maji ya njiani, lakini mkimbiaji hanunuliwi dakika.

Triathlon yenyewe bado iko mbele, na Mwalimu ana muda. Arudi kwenye kilomita 27 kwa saa, ale michembe yake kila nusu saa, na kilomita tano za mwisho za baiskeli ashushe gia ili miguu izunguke kabla ya kukimbia. Wenye daftari waifute ahadi ya dakika wiki hii. Nanyi mlioahidi, lipeni alichokwisha kukipata Jumamosi, kisha andikeni ahadi mpya kwa neno moja: akimaliza.