Kikausha Hewa na Dirisha Lililo Wazi

Kikausha hewa hufanya kazi ileile ya chupa ya soda baridi iliyowekwa mezani: hutoka jasho. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye koili iliyopozwa kwa kompresa na gesi, kama ya friji. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali isiyo ngeni Mombasa wala Unguja, huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 26 hivi. Koili ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo mvuke hugeuka matone, matone hudondokea ndooni, na hewa iliyobaki hupitia koili ya moto kabla ya kurudi chumbani.

Hewa hiyo hurudi ikiwa kavu, lakini ina joto zaidi. Kila lita ya maji inayopatikana huacha chumbani joto la takriban theluthi mbili za uniti ya umeme, mbali na umeme unaoliwa na mashine yenyewe, ambao nao huishia kuwa joto. Anayetaka ubaridi anunue kiyoyozi, ambacho hupunguza unyevu pia na kutupa joto nje.

Hesabu ya maji ndiyo huwashangaza wengi. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 48 za hewa. Katika hali iliyotajwa, hewa yote hiyo imebeba maji yasiyozidi lita moja na robo. Kuishusha hadi asilimia 55 kunahitaji kuondoa gramu 365 tu, yaani glasi moja na nusu. Mbona basi ndoo hujaa kila siku? Sehemu ya maji hutoka kwenye magodoro, nguo na kuta, lakini mengi huingia na upepo. Hewa ya chumba hicho ikibadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa na madirisha, mashine italazimika kuvuta karibu lita 9 kwa siku ili tu isirudi nyuma. Nyumba za pwani zilijengwa zipitishe upepo, na sifa hiyo njema ndiyo inayoishinda mashine.

Kwa hiyo huchaguliwa chumba kimoja kinachofungika, chenye vitabu, viatu vya ngozi au kamera, na mashine huwekwa mbali kidogo na ukuta. Kipimo cha asilimia 55 hadi 60 kinatosha kuidhoofisha koga. Kushuka hadi 40 ni kuchoma umeme bure. Lita zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye hewa ya nyuzi 30 na asilimia 80, na hupungua sana chumba kikianza kukauka.

Ukuta wa mawe ya matumbawe unaofyonza maji ya ardhini ni shauri jingine. Mashine ikiukausha, maji hutoka na chumvi hubaki: unga mweupe hujitokeza na lipu hubanduka. Hapo hutangulizwa fundi wa mifereji na paa.

Ndoo ikijaa, boya huizima mashine. Mpira unaoteremka hadi bombani huondoa usumbufu huo. Maji hayo yamepita kwenye vumbi la koili, hayanywewi. Chooni yanafaa.