Marejeo Ngamani

Sherehe yo yote yaweza kupimwa kwa swali moja: watu wakishakula, wakacheza na kurudi makwao, hubaki na nini? Kwa kipimo hicho natutazame, msomaji, siku ya jumuiya ambayo Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, mjini Washington, limekuwa likiifanya mwezi wa Juni. Siku hiyo jamaa nzima, wazee kwa watoto, hualikwa kuadhimisha uhuru wa watu weusi wa Marekani kwa muziki, masimulizi na vyakula.

Kwanza tujue asili yake. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi ni watu huru. Lakini tangazo lisilo na askari wa kulitekeleza ni maneno matupu, na katika jimbo la Texas watu wapatao 250,000 waliendelea kutumikishwa. Ndipo tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alipotoa amri yake mjini Galveston. Amri hiyo ni fupi, nayo yafaa isomwe hadi mwisho. Mwanzo wake wasema kwamba watumwa wote ni huru. Mwisho wake wawashauri wakae kwa utulivu pale pale walipo, wafanye kazi kwa ujira, na wasikusanyike penye kambi za askari. Walipokuwa ni katika mashamba ya mabwana wao. Basi uhuru ulichelewa miaka miwili na nusu, na ulipofika ulikuja na masharti.

Wako wasemao kwamba historia ya namna hii haistahili ngoma wala karamu. Mimi sikubaliani nao. Waliopewa uhuru ndio walioianzisha sikukuu hii, mwaka 1866, kwa sala, nyimbo na chakula. Mwaka 1872, mjini Houston, walichanga fedha wakanunua ekari 10 ili wapate mahali pao wenyewe pa kusherehekea. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi, kisha akanunua uwanja wa kuchezea, hakuwa akifanya upuzi. Alikuwa akitamka kwamba mwili wake ni mali yake. Serikali ya Marekani ilikuja kuifanya siku hiyo sikukuu ya taifa mwaka 2021 tu, miaka mingi baada ya wenyewe.

Hata hivyo, furaha hiyo ina deni, na deni hilo limo chini ya jumba. Lilipofunguliwa mwaka 2016 lilipangwa hivi: mgeni hushushwa kwa lifti hadi orofa za chini ya ardhi, kwenye karne za biashara ya watumwa, kisha hupanda kwa miguu kidogo kidogo kuelekea nyakati zetu. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa huko mwaka ule vilikuwamo vipande vya chuma vya merikebu ya Kireno iitwayo São José. Merikebu hiyo iling'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji mwezi wa Desemba 1794, ikiwa na watu zaidi ya 400, wengi wao Wamakua, wakipelekwa Brazili. Ilivunjikia miambani karibu na Cape Town. Karibu nusu ya mateka walikufa maji, na walionusurika waliuzwa huko huko. Vile vyuma vilikuwa farumi, kwa sababu shehena ya watu ni nyepesi kuliko shehena ya bidhaa, na chombo hakitulii. Wahenga wetu walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa pwani aijuaye methali hiyo ataelewa maana ya chuma kile upesi kuliko wageni wengi.

Hukumu yangu basi ni hii. Siku ya jumuiya ni njema pale inapomtoa mtoto kwenye ngoma ikamshusha ngamani, kisha ikamrudisha juu akijua kwa nini watu wanacheza. Ni hafifu pale inapomwacha uwanjani na kinywaji chekundu cha desturi mkononi, akidhani uhuru ulizaliwa siku moja kwa amri ya jenerali.

Hili si jambo dogo. Mwezi wa Machi 2025 Rais Donald Trump alitoa amri iliyoyashutumu majumba ya Smithsonian, na jumba hili likatajwa kwa jina, kwamba yanaeneza mawazo ya kuwagawanya watu. Ngoma haimtishi mtawala. Kinachomsumbua ni maelezo yaliyoandikwa chini ya kipande cha chuma. Maelezo hayo yakifutwa, karamu yaweza kuendelea kila mwaka na isiseme lo lote.

Nawe, msomaji, usidhani kuwa habari hizi ni za ng'ambo peke yake. Mombasa, mahali paitwapo Kengeleni, bado ipo kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Magari hupita hapo mchana kutwa. Ukipita nawe, simama, umwulize mwenyeji kengele ile ilipigwa kwa ajili gani.