Wageni Wasiohitaji Mkalimani: Suala la Lugha katika Filamu ya Independence Day

Filamu ya Roland Emmerich, Independence Day (1996), imechekwa sana kwa jambo moja: virusi vilivyotungwa kwenye kompyuta ya binadamu vinaangusha mitambo ya viumbe kutoka nje ya dunia. Kicheko hicho ni halali, lakini kinaishia kwenye ufundi. Makala hii inadai kuwa kosa hilo ni dalili ya udhaifu mkubwa zaidi: filamu haikubali kwamba tafsiri ni kazi.

H. G. Wells, katika The War of the Worlds (1898), aliwaua wavamizi wake kwa vijidudu. Emmerich amerithi hila hiyo bila kuona kilichobadilika. Kijidudu hakihitaji lugha. Programu ni matini. Yule inayempelekea maangamizi lazima kwanza aweze kuisoma.

Mwelekeo huo umeenea katika filamu nzima. David Levinson anapogundua mawimbi ya wageni ndani ya setilaiti za dunia, anayafasiri mara moja kuwa ni saa inayohesabu muda kuelekea shambulio. Mtafiti wa lugha angeomba angalau wiki moja. Helikopta yenye taa inatumwa kukisalimu chombo kilichotanda juu ya Washington, nayo inalipuliwa. Tukio lenye uzito zaidi limo katika maabara ya Area 51, ambako kiumbe aliyetekwa anabana koo la Dakta Okun na kusema kupitia kinywa chake. Mwili wa mtu umegeuzwa mkalimani! Hapa palikuwa na nafasi adhimu ya kisanaa, na imetupwa. Rais anauliza juu ya amani, anakataliwa. Anauliza binadamu wafanye nini, anajibiwa kwa neno moja kwamba wafe. Hakuna kinachopotea njiani wala kueleweka vibaya. Madoido ya picha yalipata Oscar, tena kwa haki, ila mazungumzo haya yangeweza kufanyika kaunta ya benki.

Baina ya binadamu wenyewe hali ni ileile. Ujumbe wa Marekani unatumwa kwa alama za Morse, na majeshi ya mataifa mengine yanaupokea kama watu waliokuwa wakingoja tu kuambiwa. Hotuba ya Rais Whitmore inaifanya tarehe 4 Julai kuwa sikukuu ya dunia nzima, na hakuna taifa linaloulizwa. Mwishoni Waafrika wanaonekana wakiwa na mikuki, wakishangilia. Hawapewi hata neno moja la kusema.

Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, filamu za kigeni huonyeshwa pamoja na sauti ya DJ anayezisimulia kwa Kiswahili. Huongeza, hupunguza, huwabatiza wahusika majina mapya, na pale asipoelewa hubuni. Mtazamaji wa kibandani hulipa kiingilio akijua kwamba kati yake na Hollywood amesimama mtu anayefanya kazi ngumu. Mtu wa aina hiyo hayumo katika filamu ya Emmerich, si upande wa binadamu wala wa wageni.