Mkono wa Kalafati

Pamba ikikaa sawasawa kati ya mbao mbili za mashua, sauti ya nyundo hubadilika. Mapigo ya mwanzo ni mazito, ya kitu kinachoingia penye nafasi. Kisha sauti inakaza, inapanda, mwisho inalia kavu, nawe unajua pale hapahitaji tena. Fundi akizidisha hapo, pamba itazisukuma mbao zenyewe na misumari itaanza kulegea. Akipunguza, maji yatapaona palipobaki kabla yake.

Nilimkuta mzee mmoja Kisiju akiifanya kazi hiyo ya kutia kalafati, kwenye matope ya pwani penye mikoko, mashua imeegemezwa magogo na maji yameshakupwa mbali. Alikuwa akipita ubavu mmoja kutoka omo hadi tezi. Mkono wa kushoto umeshika patasi butu, wa kulia nyundo ya mti, na kichwa amekiinamisha upande mmoja kana kwamba kuna mtu ndani ya chombo anayezungumza naye.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, nisikie."

Nikangoja. Alisikia alichokuwa akikisikia, akachomoa kipande cha pamba alichokwisha kukigonga, akakisokota upya chembamba zaidi, akakichovya tena kwenye mafuta ya nazi na kukirudisha. Mimi sikuwa nimeona kosa lolote. Nilipomuuliza, alisema mbao ile ni ya mkongo na ya juu yake ni ya mninga, nazo hazivimbi sawa. Aliiachia nafasi mbao ambayo ingevimba kesho kutwa, ikishakunywa maji.

Watu wengi wa rika langu waliokulia Kibaha wanadhani kwetu hakuna bahari, na wa Kisarawe vivyo hivyo. Kisarawe ya leo ina vilima vya Pugu, mikorosho, mihogo na Mto Ruvu unaokwenda zake Bagamoyo. Lakini kabla Mkuranga haijakatwa ikawa wilaya yake yenyewe, Kisiju ilikuwa Kisarawe, na mtu wa Maneromango aliyeaga kwamba anakwenda bandarini huenda hakuwa na safari ya Dar es Salaam hata kidogo. Mjomba wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Shamba lake la mikorosho lilikuwa Maneromango na mashua yake ilikuwa Kisiju. Mwaka mzima ilibeba nazi, mbao na magunia ya watu. Desemba, shule zikifungwa, alikataa mizigo ya kila mtu, na mashua ikawa yetu.

Tulishuka kutoka Kibaha na mama, tukachukuana na watoto wa mjomba, bibi akatangulizwa mbele na mkeka wake. Safari ilikuwa ya kwenda Mafia kwa ndugu wa upande wa bibi, kupitia visiwa vya Kwale na Koma. Ila mtu asidhani kwamba tulifika na kupanda. Tulifika tukafanya kazi. Mjomba alikuwa na sharti moja ambalo hata bibi hakusamehewa: hapandi mtu ambaye mkono wake haujagusa chombo.

Basi maji ya bamvu yalipoileta mashua juu kabisa na kuiacha pakavu, tulianza chini. Wakubwa walikwangua makombe yaliyoganda tumboni. Kisha makuti makavu yaliwashwa na kupitishwa chini ya mbao, haraka, ili joto liwaue minyoo wanaotoboa chombo bila kuuchoma ubao wenyewe. Kazi ya moto aliifanya mjomba peke yake, na wakati ule hakuna aliyethubutu kumsemesha. Baada ya hapo ndipo fundi wa wakati ule alipoingia na pamba yake. Sisi watoto tulisokota nyuzi juu ya mapaja, na bibi, ameketi mkekani, akazipima kwa vidole na kuturudishia zile zenye mafundo. Bibi hakuwa na huruma na mafundo. Uzi ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine, alisema, utaziba pale na kufungua hapa. Mwisho kabisa chombo kilipakwa: ndani na ubavuni kwa sifa, yaani yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haiondoki nguoni hata ukifua mara ngapi, na chini kwa deheni ya chokaa na shahamu.

Harufu ile ndiyo iliyokuwa sikukuu yenyewe. Wenzetu wa Kibaha walirudi shuleni Januari wakisimulia nguo mpya na soda. Sisi tulirudi tunanuka papa, na tuliona fahari.

Tuliondoka alfajiri, maji yamejaa, na umande wa nchi kavu ukitusukuma polepole kutoka kwenye mikoko. Jua likipanda kaskazi ilishika, ikatupiga ubavu wa kushoto, tanga likajaa. Desemba ni mwezi mwema kwa njia ile kwa sababu upepo hukupiga ubavuni unapokwenda, na hukupiga ubavuni unaporudi. Hapana kubisha kwingi. Wazee waliochagua mwezi huo kutembelea jamaa hawakuuchagua kwa sababu ya shule. Shule zilikuja baadaye zikaangukia hapo.

Chakula kilipikwa kwenye sanduku la mchanga lenye mafiga matatu, karibu na mlingoti, mama akiwa amejifunga kanga kiunoni na goti moja limekandamiza kifuniko cha sufuria kila wimbi linapokuja. Wali wa nazi uliopikwa baharini una ukoko mwingi kuliko wa nyumbani, na ukoko huo aligawa bibi kwa haki kamili. Lakini ninalolikumbuka kwa uzito kuliko yote ni kazi niliyopewa mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mdogo: kupima maji ngamani, chini kabisa ya chombo.

Mashua iliyotoka kutiwa kalafati huvuja siku ya kwanza. Asiyejua hushtuka. Mbao zimekauka juani, pamba bado haijavimba, na maji hupenya kila mahali kwa nyuzi nyembamba. Niliteremka, nikatia mkono chini ya ubao, nikasema maji yamefika kifundo cha mkono, au yamepita. Mjomba, akiwa kwenye usukani, aliitikia kwa kichwa tu, na binamu zangu wakakumba kwa makopo. Usiku tukitia nanga Koma, nilishuka tena na taa ya chemli. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yanafika kwenye kucha. Mchana wake hayakuwepo. Mbao zilikuwa zimekunywa, pamba imevimba, na kila nafasi ambayo fundi aliiacha kwa makusudi ilikuwa imejifunga yenyewe. Mjomba hakusema neno la sifa, wala fundi hakuwepo kulisikia. Lakini siku ile, mikono ikiwa inatoka ngamani mikavu, nilijua kwamba yule fundi aliyebaki Kisiju alikuwa ameifikiria saa hii tangu aliposhika nyundo.

Ndiyo maana nasema kwamba familia iliyokuwa na chombo chake, ikakitengeneza kwa mikono yake, ilisafiri kwa namna ambayo hatuna tena. Kila aliyekuwa ndani alijua kinachomzuia asizame, kwa sababu alikuwa amekisokota. Na kwa kuwa alikijua, alijua pia kikomo chake. Niliwahi kumwona mjomba akimteremsha mtu pale Kilindoni pamoja na majogoo yake, mtu wa heshima, tena mkwe, kwa kuwa mashua ilikuwa imeshakaa majini kadiri alivyotaka ikae. Hakuna askari aliyemwamuru. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama njiani kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mwezi wa Julai mwaka uliofuata MV Skagit ikazama nayo, nilimkumbuka mkwe yule amesimama ufukweni na majogoo yake, amekasirika, mzima.

Pwani hii ina umri mrefu baharini. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alichimba Kisiju na kukuta dalili za biashara ya miaka mingi mno iliyopita. Mwaka 1939 mwandishi na baharia Alan Villiers alifika delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait, la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja kupakia boriti za mikoko. Waandishi wa mbali wamependa kuyaandika majahazi makubwa ya namna hiyo, nami siwalaumu. Ila mashua ndogo za kina mjomba, zilizobeba nazi mwaka mzima na bibi mara moja, hazikupata mwandishi, na sasa zinakwisha.

Zinakwisha kuanzia milimani. Mafundi wa zamani hawakununua mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyopasuliwa kwa mashine. Walipanda kwenye misitu ya Kisarawe wakitafuta mti uliopinda. Seremala wa milango huupita mti wa namna hiyo. Fundi wa mashua aliuzunguka, akakadiria kwa mkono ni ubavu wa kulia au wa kushoto, na alikumbuka ulipo hata kama angerudi kuukata baada ya miaka. Mashua haikuwa na ramani ya karatasi. Ramani ilikuwa kichwani mwa fundi na kwenye matawi ya msituni. Mvule, mninga na mkongo wa Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini ulishuka pwani ukawa vyombo, na chombo kikitunzwa kilimzika fundi wake.

Sasa mti uliopinda na ulionyooka yote inaingia kwenye tanuri moja la mkaa. Dar es Salaam inapika, na Kisarawe inaungua. Nimepita barabara ya Maneromango jioni nikahesabu baiskeli na bodaboda zenye magunia mpaka nikaacha kuhesabu. Siwezi kumlaani kijana anayechoma mkaa ili alishe watoto wake. Lakini inaniuma kwamba mti ambao ungebeba familia ya watu baharini kwa miaka thelathini unaivisha maharage ya wiki mbili. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na Pugu na Kazimzumbwi sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Naomba yote mawili yafaulu. Mkongo, hata hivyo, haukui kwa miaka kumi.

Huku pwani nako pamba inatoweka. Nimeona mashua zikizibwa kwa nyuzi za nailoni zilizochambuliwa kutoka kamba kuukuu, na kupakwa oili chafu ya magari badala ya sifa. Nailoni haivimbi. Haijui kungoja mbao. Chombo cha namna hiyo huvuja siku ya kwanza, ya pili na ya kumi, na mwenyewe hununua pampu akaona mambo yamekwisha. Wengine wamehamia boti za faiba, na nawaelewa: hazili miti, hazitaki moto wala makuti, zinakwenda mbio. Zikipasuka hupelekwa kwa mtu wa gundi. Hakuna bibi anayeombwa kukagua mafundo.

Na sisi watu wa bara ya pwani tumegeuza uso. Kibaha sasa ina bandari kavu pale Kwala, yenye makontena yanayofika kwa reli, nayo ni kazi kubwa ya nchi ambayo siibezi. Ila nimewahi kumuuliza mtoto wa Mlandizi bandari ni nini, akanijibu ni mahali penye malori mengi. Kwenda Mafia, kivuko cha MV Kilindoni kinaondoka Nyamisati, abiria wamekaa kwenye viti, macho kwenye simu. Wanafika salama, alhamdulillahi. Wanashuka bila kujua kaskazi iliwapiga ubavu gani.

Mashua ya mjomba iliuzwa baada ya yeye kufariki. Warithi walikuwa wengi na chombo kimoja hakigawanyiki. Imo Mafia bado, imefungwa mashine, na niliambiwa inakumbwa maji asubuhi na jioni.

Yule mzee wa Kisiju, alipomaliza ubavu ule, aliketi kivulini akaniambia shida yake si pamba, ingawa ya kusokota vizuri huiagiza mbali. Anataka kijana mmoja. Hataki wa kulipa ada wala wa ukoo wake. Anamtaka mwenye masikio, akae naye misimu mitatu ya bamvu, ajue sauti. Nilirudi na ombi hilo nyumbani Kibaha, nikalisema mbele ya ukoo mzima tulipokutana kwenye arusi. Mmoja wa wapwa zangu, mtoto mtulivu wa kidato cha nne, alisema angependa kwenda kutazama. Wazazi wake wakamwambia asubiri kwanza majibu ya mtihani. Majibu yametoka, amefaulu, amepangiwa shule Dodoma, na fundi ameniuliza mara mbili kwa simu kama kijana anakuja.