Jina Ndani ya Mabano

Chati za muziki wa kantri, yaani muziki uliokulia vijijini na katika miji midogo ya kusini mwa Marekani kwa gitaa, fidla na banjo, huwahesabia waimbaji. Jarida la Billboard lilianza kuuandalia muziki huo chati yake Januari 1944, kwa kufuatilia santuri zilizopigwa zaidi katika jukeboksi, zile mashine za baa na mikahawa zilizotiwa sarafu zikatoa wimbo, na tangu hapo mashabiki wamezikariri rekodi zake kama wapenzi wa soka wanavyokariri mabao: Conway Twitty alishika nafasi ya kwanza mara 40, George Strait akampita mwaka 2006, kisha akaendelea hadi kufikisha 44. Karibu nyimbo zote hizo za Strait, hata hivyo, zilitungwa na watu wengine, ambao majina yao huchapwa kwa herufi ndogo ndani ya mabano chini ya jina la wimbo. Humo ndani ya mabano ndimo ulimo ufundi wenyewe, na kwa ajili ya nafasi hiyo finyu watu wameshtakiana hadi Mahakama Kuu ya Marekani.

Bill Anderson anatosha kuwa mfano wa yale ambayo msomaji wa chati hupitwa nayo. Mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 19 anayetangaza redioni katika mji mdogo wa Commerce, Georgia, alipanda juu ya paa la hoteli akaandika "City Lights", wimbo wa mtu mpweke mbele ya taa za jiji kubwa, ingawa taa alizokuwa akiziona yeye mwenyewe usiku ule zilikuwa za kuhesabika. Ray Price aliuimba, na Billboard ilipounganisha chati zake kadhaa za kantri kuwa moja, Oktoba 1958, wimbo huo ndio uliokuwa wa kwanza kabisa kukaa kileleni. Miaka 48 baadaye Strait aliivunja rekodi ya Twitty kwa wimbo uitwao "Give It Away", ambao watunzi wake ni Buddy Cannon, Jamey Johnson na Anderson huyohuyo.

Ugumu wa kazi hii umo katika wepesi wake wa nje. Mtunzi hupewa dakika tatu hivi, koradi chache na lugha ya mazungumzo ya kila siku, naye hutakiwa kumleta mtu, kumweka mahali, kumpa kisa, na zaidi ya yote kukitunga kibwagizo, yaani maneno yanayorudiwa kila baada ya ubeti, kwa namna ambayo maneno hayohayo yatakuwa na uzito mpya kila yanaporudi. Katika "He Stopped Loving Her Today", uliotungwa na Bobby Braddock na Curly Putman na kufikishwa kileleni na George Jones mwaka 1980, jina la wimbo linatangaza kwamba mwanamume fulani leo ameacha kumpenda mwanamke fulani, lakini beti zinaeleza kinyume chake: aliahidi kumpenda hadi kufa, akaitunza picha yake ukutani na barua zake za miaka mingi. Kisha anaonekana amevaa vizuri, anatabasamu, kama msafiri. Kibwagizo kinapofika na shada la maua mlangoni, msikilizaji anatambua kwamba msafiri huyo ni maiti na kwamba ahadi imetimizwa kwa njia pekee iliyowezekana. Kibwagizo chenyewe hakitamki kifo hata mara moja. Kwa kipimo chochote cha ushairi hiyo ni kazi ya mafundi, na anayeidharau kwa sababu imeimbwa baa kwa gitaa la chuma hakuisikiliza.

Wimbo huo unaleta pia swali gumu kuhusu nani hasa ni mtunzi. Prodyuza wake, Billy Sherrill, yaani msimamizi wa kazi yote ya studio, aliwarudisha Braddock na Putman mezani tena na tena, akashikilia kwamba lazima uwepo ubeti ambamo mwanamke yule anakuja kumwona marehemu kwa mara ya mwisho. Ubeti ukapatikana, Jones akausema badala ya kuuimba, na ndio unaowaliza wengi, lakini jina la Sherrill halimo katika mabano. Fred Foster, mwenye kampuni ya santuri ya Monument, yeye alimpa Kris Kristofferson jina la wimbo tu, "Me and Bobby McGee", lililotokana na jina la katibu mmoja wa ofisi ya karibu, naye akaandikwa kuwa mtunzi mwenza hadi leo. Hakuna aliyedanganya katika visa hivi viwili, na bila jina lile Kristofferson asingekuwa na pa kuanzia, ila ni vigumu kuona mizani iliyompa haki yule wa jina ikamnyima yule wa ubeti.

Mizani hiyo imekuwa na hitilafu tangu mwanzo. Katika majira ya joto ya 1927, Ralph Peer alikwenda Bristol, mji uliokatwa na mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, kurekodi wanamuziki wa milimani kwa ajili ya kampuni ya Victor, na makubaliano yake na kampuni yalikuwa kwamba kipato chake kitoke katika hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya kumiliki wimbo na kulipwa kila unapouzwa. Kwa hiyo alitaka nyimbo zinazoweza kusajiliwa kwa jina la mtu, ilhali nyimbo nyingi za milimani zilirithishwa kwa mdomo bila kuwa na mwenyewe. A.P. Carter wa kundi la Carter Family alizunguka mabondeni akizikusanya, mara nyingi akifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mwafrika Mmarekani aliyekuwa akizishika tuni kichwani wakati Carter akiandika maneno. Zilipotoka katika santuri, aliyeandikwa ni Carter. Jimmie Rodgers naye, aliyerekodiwa Bristol siku zilezile, alisaidiwa sana na shemeji yake Elsie McWilliams, na si katika kila wimbo walioutunga pamoja jina la mama huyo lilionekana. Santuri za Rodgers zilisafiri mbali mno: mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba "Chemirocha", na huyo alikuwa Rodgers aliyepitia masikio ya Bonde la Ufa.

Kesi iliyochimba swali hili kwa kina zaidi ilihusu ajali. Septemba 1903 treni ya barua namba 97 ilianguka kutoka darajani karibu na Danville, Virginia, watu wakaitungia nyimbo, na mwaka 1924 Vernon Dalhart aliurekodi mmojawapo, "Wreck of the Old 97", katika santuri iliyouzwa kwa wingi usio wa kawaida. Mkazi wa Virginia, David Graves George, alidai kuwa ndiye mtunzi, akaishtaki Victor iliyoitoa santuri hiyo, akashinda mwaka 1933 katika mahakama ya ngazi ya chini, lakini shauri likapanda hadi Mahakama Kuu na kushuka kwa miaka kadhaa hadi Victor ikaibuka mshindi. Majaji wa rufaa walisoma maneno kama wahariri. Dalhart alikuwa ameujifunza wimbo kwa kusikiliza santuri ya Henry Whitter, akayasikia vibaya baadhi ya maneno, na makosa hayohayo ya kusikia yalikutwa katika hati ambayo George alisema ameiandika miaka mingi kabla Dalhart hajaingia studio. Upande wa pili wa santuri ileile palikuwa na wimbo ulioandikishwa kwa jina la binamu yake Dalhart, nao pia uligombaniwa.

Si kila aliyepoteza jina aliporwa, kwani wengine waliliuza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Willie Nelson, akiwa Houston bila fedha, aliuza "Family Bible" kwa dola 50 na "Night Life" kwa dola 150. Wimbo wa kwanza uliingia katika kumi bora za chati ya kantri mwaka 1960 kwa sauti ya Claude Gray, na jina la Nelson halikuwamo. Alipoandika "Crazy", uliofika nafasi ya pili kwa sauti ya Patsy Cline mwaka 1961, alibaki na jina lake. Dolly Parton alijifunza somo hilo bila kulilipia: katika miaka ya 1970, Elvis Presley alipotaka kuimba "I Will Always Love You", meneja wake alidai nusu ya haki za uchapishaji, Parton akakataa. Wimbo huo ulifika kileleni kwa sauti yake mwaka 1974, ukarudi huko kwa sauti yake mwaka 1982, na Whitney Houston alipouimba mwaka 1992 mrabaha, yaani malipo ya mtunzi, ulikwenda kwa mwenyewe.

Rekodi za chati, kwa upande wao, hufuata namna ya kuhesabu. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna wimbo uliozidi wiki 21 kileleni. Billboard ilipobadili kanuni Oktoba 2012 na kuanza kujumlisha mauzo na usikilizaji wa mtandaoni, "Cruise" wa Florida Georgia Line ulikaa wiki 24 mwaka 2013, na "Meant to Be" wa Bebe Rexha na kundi hilohilo ukafikisha 50. Mabano nayo yamerefuka: "Cruise" una watunzi watano. Desturi ya Nashville, jiji la Tennessee lililo kitovu cha biashara ya kantri, ni kwamba waliokuwa chumbani wimbo ukitungwa hugawana sawa, na inapunguza ugomvi, ingawa inamlipa aliyeleta neno moja sawa na aliyeleta wimbo.

Mwaka 2023 Luke Combs alirekodi upya "Fast Car", wimbo wa 1988, bila kuyagusa maneno yake, ukafika kileleni mwa chati ya kantri ya redio. Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani hutoa tuzo mbili zinazochanganywa mara kwa mara: ya santuri ya mwaka, ambayo ni ya mwimbaji na prodyuza, na ya wimbo wa mwaka, ambayo ni ya mtunzi. Combs alichukua ya kwanza. Ya pili ilikwenda kwa Tracy Chapman, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata, na katika mabano ya wimbo huo limo jina lake peke yake.