Mshono wa Katwe

Ukitaka kumjua fundi wa kuchomelea wa Katwe, usilitazame geti lililokwisha kupakwa rangi. Omba uoneshwe kiungo kabla ya rangi. Mshono mzuri una upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, vimawimbi vyake vimelaliana kama magamba ya samaki, na kando zake hazijaliwa na moto.

Mtaa huu, kusini kidogo ya katikati ya Kampala, hutoa mageti, majiko, matoroli na mashine za kusaga mahindi. Wengi wa mafundi wake walijifunzia papo hapo, kando ya fundi mkubwa. Kijana anayeingia leo haanzi na moto. Hupewa brashi ya waya asugue kutu, kwa kuwa chuma kichafu huacha vitundu ndani ya mshono. Kisha hufundishwa kupima, kukata na kusimamisha pembe, maana kiungo kilichokaa upande hakiokolewi na kuchomelea. Kazi hizi huchosha, lakini ndizo zinazobeba zote zinazofuata.

Zamu ya kuwasha ikifika, mambo kadhaa hutakiwa kwa pamoja. Kijiti cha kuchomelea chenye unene wa milimita 2.5 hutaka umeme wa ampea 70 hadi 90 hivi: ukizidi, chuma chembamba hutoboka, ukipungua, kijiti hunasa. Ncha ikae karibu na chuma, umbali usiozidi unene wa kijiti chenyewe. Na kwa kuwa kijiti huungua na kufupika, mkono hushuka huku ukisonga mbele. Jicho lisivutwe na mwanga. Likae kwenye kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Sikio nalo husaidia, kwani mlio unaokatikakatika humwambia fundi kwamba mkono umeyumba. Mwisho, nyundo ndogo hubandua mavi ya chuma, na mshono uliofichwa chini yake husema ukweli wote. Ukiwa na kasoro, husagwa kwa grainda na kurudiwa.

Mkono uliokomaa namna hiyo unastahili cheti. Kijana anaweza kusomea ufundi huu katika chuo cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani. Aliyejifunzia mtaani naye ana njia: sheria ya Uganda ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 iliruhusu ujuzi uliopatikana kazini kutahiniwa na kutambuliwa. Cheti kina uzito wake. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kazi ya namna hiyo haitolewi kwa sifa za mdomo. Mchomeleaji wa mabomba hupimwa kwa bomba lililofungwa kwa mwinamo wa digrii 45, bila kuzungushwa; yeye ndiye azunguke, achomelee juu, ubavuni na chini, na mshono ubaki mmoja.

Basi mzazi, shangazi au mjomba mwenye kijana anayependa chuma, kabla ya kumnunulia mashine, mnunulie kofia yenye kioo cheusi, glavu za ngozi na viatu vigumu, kwa kuwa mwanga wa kuchomelea huunguza jicho lisilokingwa. Mtafutie fundi anayerudia kazi yake mwenyewe ikiwa mbovu. Kisha mpe muda, wala usimuulize mshahara kabla mshono wake haujanyooka.