Skrubu Ambayo Fundi Haigusi

Mashine iliyo mezani ni PlayStation 2 ya mwanzo, ile nene, nyeusi, yenye mistari ubavuni. Imetoka Kisarawe asubuhi ikiwa imeviringishwa kwenye khanga. Mwenyewe alishuka nayo Gongo la Mboto, akaunganisha hadi Mbezi, kisha akapanda gari la Kibaha, ameipakata njia nzima. Fundi anamuuliza inasumbua nini.

"Za bluu inasoma, fundi. Za fedha inakataa."

"Inakataa kimya au kwa kelele?"

Mteja anafikiri kidogo. "Inajaribu. Inazunguka, inanyamaza, inazunguka tena. Mwisho inaleta ile skrini nyekundu."

Fundi anaitikia kwa kichwa. Fremu yake iko Maili Moja, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro, na ina upana wa mlango mmoja. Kwa jibu hilo nusu ya uchunguzi imeshafanyika. Diski za PlayStation 2 zilitoka kwa namna mbili. Gemu nyepesi zilichapwa kwenye CD ambazo upande wake wa kusomwa ni wa bluu. Gemu nzito zilichapwa kwenye DVD zenye rangi ya fedha. Kichwa kinachosoma kina miale miwili, mmoja wa nanomita 780 kwa ajili ya CD na mwingine wa nanomita 650, mwekundu, kwa ajili ya DVD, na yote hupitia lenzi moja iliyo ndogo kuliko punje ya hindi. Alama za data kwenye DVD ni ndogo zaidi na zimebanana zaidi. Ukungu mwembamba usioisumbua CD unatosha kuipofusha DVD. Kwa hiyo mashine inayosoma za bluu na kukataa za fedha ama mwale wake mwekundu umechoka, ama ni chafu.

Mafundi wengi huanza na dhana ya kwanza. Kwenye kichwa cha lenzi kuna skrubu ndogo sana, pengine mbili, zinazopanga nguvu ya mwale. Ukiizungusha kidogo, mwale unaongezeka, diski inasoma, mteja anaondoka anacheka. Baada ya miezi michache mashine inarudi, na safari hii mwale umeungua kabisa. Fundi wa Maili Moja huanza na uchafu. Amejipangia utaratibu wake, kutoka hatua isiyoweza kudhuru chochote hadi ile inayoweza kuua mashine, na hairuki hata moja.

Hatua ya kwanza haihitaji kufungua kitu. Anaigeuza mashine na kusoma kibandiko cha nyuma: SCPH-30003. Tarakimu ile ya mwisho ndiyo anayoitafuta. Sifuri maana yake imetengenezewa soko la Japan, moja ni Marekani, tatu ni Uingereza, nne ni Ulaya bara. Zikiishia na sifuri anazisogeza pembeni na kuzifunga karatasi nyekundu kwenye waya, kwa kuwa zinataka volti 100, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 zinaungua papo hapo. Hii inayoishia na tatu haina tatizo hilo. Anaichomeka kwa waya uleule wa redio kaseti, anaiwasha, anaweka diski yake mwenyewe ya majaribio, kisha anainamisha sikio.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Haitazami TV. Anasikiliza mota ikianza kuzungusha diski, kisha mlio mdogo wa lenzi ikipanda na kushuka kutafuta umbali sahihi, kisha mkwaruzo mfupi wa kichwa kikijaribu kusogea kwenye reli zake. Mkwaruzo huo anaurudia mara kadhaa, anazima, anawasha. "Reli zimekauka," anasema. Mteja hakuwa ametaja reli.

Wanaomletea mashine za namna hii wengi ni watu wa miaka thelathini na kitu. Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, na tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Sony wakaanza kuuza PlayStation ya kwanza kule Japan. Waliozaliwa miaka hiyo walikua na vyote viwili. PlayStation 2 ilipofuata Machi 2000, na hatimaye kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani kote, wao waliikuta kibandani: benchi la mbao, TV ya chogo juu ya meza iliyofungwa nondo, mwenye kibanda ameshika chenji, na wanaosubiri zamu wamekuegemea mabegani wakikufundisha kupiga pasi. Walilipa kwa mechi. Ukifungwa unasimama, unampisha mwenzio.

Nyumbani hawakuwa nayo. Mkusanyaji wa Ulaya au Japan mara nyingi anatafuta kitu alichowahi kukimiliki akiwa mtoto, kikauzwa au kikatupwa. Huyu wa Kisarawe anapeleka nyumbani kitu alichokuwa anakikodi kwa dakika chache chache, huku akichungulia saa ya shule. Ndiyo maana hakai na mashine ambayo haiwaki. Kuiweka kabatini kama pambo hakumridhishi hata kidogo. Anataka kukaa mbele yake bila mtu kumwambia muda umekwisha. Naamini fundi analijua hilo, na ndiyo maana anaifanya kazi yake kana kwamba mashine hii itatumika miaka ishirini mingine.

Anaichomoa kwenye umeme na kuiacha. Ndani ya sehemu ya umeme kuna kapasita ambayo, mashine ikiwa imewashwa, hubeba zaidi ya volti 300, na haipotezi chaji mara tu unapochomoa waya. Wakati wa kusubiri anaosha diski za mteja. Anachukua kitambaa cha pamba laini chenye unyevu, anafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, anainua, anarudia. Hafuti kwa kuzungusha. Data imepangwa kwa mzunguko kuanzia katikati, hivyo mchubuko unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu kwa mfululizo, ilhali ule unaokatisha unagusa kidogo huku na kidogo kule, na mashine ina uwezo wa kukokotoa kilichopotea.

Kisha anapindua mashine kifudifudi. Skrubu za chini zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya mraba. Anavibandua kwa ncha ya kisu na kuvipanga juu ya karatasi aliyochora umbo la mashine, kila kifuniko na kila skrubu mahali pake. Anatumia bisibisi ya nyota inayoenea sawasawa kichwani mwa skrubu; ndogo kidogo tu ingeitafuna. Anaigeuza tena, anainua mfuniko wa juu kwa upande mmoja, na hapo anasimama. Chini ya mfuniko kuna utepe mwembamba unaounganisha vitufe vya mbele na bodi. Wenye haraka huuchana hapa. Yeye anaingiza vidole viwili, anauachia utepe taratibu, ndipo anatoa mfuniko.

Ndani kuna vumbi lililogandamana kama blanketi, mabaki ya mende, na mkia mkavu wa mjusi kwenye matundu ya feni. Hapulizi kwa mdomo, kwa sababu pumzi ya mtu ina maji. Anatumia brashi ya rangi yenye nywele laini, akianzia juu kwenda chini, akiishikilia feni kwa kidole ili isizunguke. Feni anaitoa na kuiosha peke yake. Mashine hii hupumua kupitia matundu hayo, na joto lisipotoka, hakuna kitakachopona ndani yake, hata lenzi ikiwa mpya.

Skrubu nne zaidi, na kifuniko cha sehemu ya diski kinatoka. Sasa lenzi inaonekana, jicho la buluu hafifu lililokaa juu ya waya laini kuliko unywele. Anawasha tochi na kuiangalia kwa ubavu. Ikiwa safi, mwanga unateleza juu yake bila kuacha kitu. Hii ina utando, wa kijivu, mzito zaidi upande mmoja. Mteja anainama aone, fundi anamwachia nafasi.

Chupa mbili ziko mezani. Moja ina spiriti ya zambarau ya dukani, ambayo anaitumia kusafisha vyuma tu, kwa kuwa ile rangi yake hubaki kwenye kioo. Ya pili ni alkoholi safi isiyo na rangi. Anaviringisha pamba kidogo kwenye kijiti, anaichovya, kisha anaikamua pembeni mwa chupa hadi karibu ikauke. Anaigusisha lenzi kwa uzito wa pamba yenyewe, mkono haukandamizi, na kuizungusha nusu duara. Pamba anaitupa. Anaviringisha nyingine. Anaangalia kwa tochi. Pamba ya tatu, ya nne. Nyingine inatoka nyeupe kama ilivyoingia, na bado anaongeza moja kavu ya kumalizia. Kwa jumla amesafisha kitu chenye upana wa milimita chache kwa muda ambao mtu mwingine angefungua na kufunga mashine nzima.

Reli zinafuata. Ni fimbo mbili za chuma, na kichwa cha lenzi huteleza juu yake kikivutwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo. Grisi ya kiwandani imekauka, ikageuka nta ya kahawia iliyochanganyika na vumbi. Ndiyo ule mkwaruzo alioutambua kwa sikio. Anaikwangua kwa kijiti cha mbao, anafuta kwa spiriti hadi chuma king'ae, kisha anapaka grisi nyeupe kwa ncha ya kijiti, kidogo kiasi kwamba huwezi kuiona ila kwa tochi. Grisi nyingi huruka diski inapozunguka na kurudi kwenye lenzi. Anasukuma kichwa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli, na kinakwenda bila kusita. Anafurahia kwamba hapa reli ni za chuma. Kwenye PlayStation za kwanza kabisa kitelezi kilikuwa cha plastiki, kikalika kwa joto na matumizi, na wenye vibanda wakagundua kwamba ukiigeuza mashine kichwa chini inasoma tena. Mteja anacheka, anayo moja nyumbani ambayo bado inachezwa hivyo.

Pembeni mwa reli kuna giya ndogo nyeupe inayopanga mwinamo wa lenzi. Fundi amechora alama ya kalamu kwenye jino moja na kwenye bodi, sambamba, kabla hajagusa chochote karibu nayo. Ikisogea kwa bahati mbaya ataona.

Hapo anachukua mita. Anaweka ncha zake kwenye skrubu ya nguvu ya mwale, anasoma namba za omu, anaandika kwenye utepe wa karatasi. Anapima tena kuhakikisha. Bisibisi ndogo kuliko zote iko karibu na mkono wake wa kulia na haichukui. Ukipunguza omu, mwale unaongezeka nguvu na umri wake unapungua. Mwale haukui, unatumika tu, na utengenezaji wa mashine hizi ulisimama tangu mwanzoni mwa mwaka 2013. Lenzi anazoweza kuzipata Kariakoo nyingi ni zilizotolewa kwenye mashine nyingine zilizokufa. Kama usafi umetosha, skrubu itabaki kama kiwanda kilivyoiacha.

Anarudisha kifuniko cha diski na utepe wa vitufe, na bila kufunga skrubu za nje anaiunganisha na TV. Ni ya chogo, ya inchi 14. Zilikuwa zimejaa majumbani kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Zikafungwa ving'amuzi, kisha taratibu zikapisha bapa. Yeye ameitunza kwa sababu ya kazi. Mashine hii inatoa picha ya analojia, na TV bapa lazima iichakate kwanza, hivyo unabonyeza sasa na mchezaji anapiga shuti baadaye kidogo. Kwa anayejaribu pedi, kuchelewa huko kunaficha ugonjwa.

Mteja anatoa memori kadi yake mfukoni, ya megabaiti 8, na kuomba ichomekwe kabla ya kuwasha. Fundi anaelewa. Mashine inapoamka huonyesha minara ikielea gizani, na minara hiyo huchorwa kutokana na historia ya gemu zilizochezwa, iliyotunzwa kwenye kadi. Kadi tupu haina minara. Hii ina mingi, mirefu kwa mifupi, na mteja ananyamaza mpaka inapita yote.

Diski ya majaribio ya mwisho ni God of War II ya mwaka 2007, halisi, ya DVD yenye tabaka mbili. Fundi ameichagua kwa makusudi, maana mwale dhaifu unaweza kulisoma tabaka la kwanza na kushindwa la pili. Mota inazunguka. Mlio wa lenzi, mara moja tu. Hakuna mkwaruzo. Gemu inafunguka. Hafungi mashine hapo. Anaiacha icheze saa nzima, feni ikifanya kazi, huku yeye anashughulikia pedi. Kitufe cha mraba kilikuwa hakiitiki mpaka ukikandamize. Ndani ya pedi kuna karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, inayobanwa kwenye bodi kwa kipande cha sponji, na sponji imelala kwa uzee. Anakata ukanda mdogo wa utepe, anaukunja mara mbili, anauweka nyuma ya sponji, anafunga. Kitufe kinaitika kwa kugusa.

Saa ikiisha anafunga skrubu za chini, kila moja kutoka mahali pake kwenye karatasi. Ule utepe wenye namba za omu ameubandika ndani ya mfuniko, pamoja na tarehe na neno "haijaguswa", ili fundi mwingine siku nyingine ajue alianzia wapi. Anatoza pesa ya usafi. Ya lenzi haipo, kwa kuwa lenzi haikubadilishwa.

Mteja anataka kuirudisha kwenye khanga. Fundi anamzuia kwa mkono: njiani sawa, nyumbani hapana. Kisarawe iko juu na kuna umande, hasa upande wa vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, na kitambaa kinashika unyevu. Iwekwe kwenye rafu iliyo wazi, mbali na ukuta, na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu viwekwe jirani nayo. Iwashwe walau mara moja kwa mwezi hata kama hachezi, reli zitembee. Na akisikia ule mkwaruzo tena, asisubiri skrini nyekundu.